Umeandikiwa dawa ya kusukutua kwa ajili ya fizi zilizovimba? Mwongozo kamili wa kuitumia

Hii ni kwa mtu aliyetoka kwa daktari wa meno, kaambiwa fizi zimevimba, kaandikiwa cheti, kaja dirisha la dawa kapewa chupa ya dawa ya kusukutua, kaambiwa "asubuhi na jioni" akaondoka. Mimi nipo upande wa ndani wa hilo dirisha kila siku na nasema kweli, foleni ikijaa muda wa kumuelezea kila mtu haupo, na hii dawa ina masharti mengi kuliko watu wanavyodhani. Ukiyafuata inasaidia sana. Usipoyafuata unaweza ukamaliza chupa nzima fizi ziko vilevile na meno yamegeuka kahawia.

Dawa ninayoizungumzia ni klorheksidini. Kwenye lebo utaona chlorhexidine gluconate au digluconate, usichanganyikiwe, ni kitu kilekile. Marekani wanatumia ya asilimia 0.12 na kule bila cheti huipati. Uingereza wanatumia ya asilimia 0.2 na famasi wanaiuza bila cheti. Huku kwetu utazikuta famasi, mara nyingi ya 0.2, na wapo wanaojinunulia tu wenyewe kwa sababu jirani alipona nayo. Hapo naomba tusikilizane, kama hujaonwa na mtu wa meno usianze nayo, nenda kitengo cha meno hospitali ya wilaya au kituo cha afya chenye tabibu wa meno, kwa sababu kazi kubwa ya kutibu fizi haifanywi na chupa. Nitaeleza.

Angalia fizi zako kwanza

Simama kwenye kioo, washa tochi ya simu, vuta mdomo wa chini kwa kidole. Maelezo mengi unayosoma mtandaoni yanasema fizi nzima ni ya pinki na fizi mbovu ni nyekundu. Sasa wengi wetu fizi zetu zina weusi au ukahawia wa asili, nyingine nyeusi kabisa, nyingine mabaka mabaka, na huo sio ugonjwa, ni rangi yako tu, na inafanya wekundu usionekane vizuri. Kwa hiyo usitegemee rangi. Angalia ile ncha ya fizi inayopanda katikati ya meno mawili. Ikiwa nzima imechongoka na imelibana jino. Ikivimba inatuna, inakuwa nene, inang'aa, na ukiigusa na mswaki inatoa damu. Ukitema povu la dawa ya meno ukaona limechanganyika na damu, au unauma embe au hindi la kuchoma unaona damu imebaki pale, hizo ni dalili. Mvuta sigara awe makini zaidi maana sigara inafanya fizi zisitoe damu sana hata zikiwa zinaumwa, anajiona yuko salama kumbe ugonjwa unaendelea chini chini.

Kuna dalili ambazo ukiwa nazo usikae nyumbani na chupa ya kusukutua, rudi hospitali upesi: uso au taya limevimba, una homa, usaha unatoka kwenye fizi, jino linacheza, mdomo haufunguki vizuri au kumeza kunakuwa shida. Pia kidonda mdomoni ambacho wiki 2 au 3 zimepita hakijapona. Na kuna ile hali ambayo ncha za fizi zinaliwa, zinafunikwa na utando wa kijivu, maumivu makali na harufu mbaya sana inayosikika hata kwa aliyekaa karibu na wewe. Hiyo ni aina nyingine ya ugonjwa wa fizi, inawapata zaidi watu wenye kinga ndogo, lishe duni au wavuta sigara, inatibiwa kwa kusafishwa na daktari na mara nyingi unaongezewa vidonge vya antibayotiki. Na kama ni mtoto aliyekonda kwa utapiamlo au aliyetoka kuumwa surua, ukiona fizi inaoza usingoje hata kesho.

Kwa nini fizi zinavimba, na dawa inaingilia wapi

Asilimia kubwa ya fizi kuvimba inatokana na ukoga, ule utando laini unaonata kwenye jino hasa pale jino linapokutana na fizi. Ni bakteria wale. Usipoutoa unakaa, unashika madini ya mate, unakuwa ugaga mgumu kama ile chokaa inayoganda ndani ya birika, na ugaga hautoki kwa mswaki hata upige mpaka mkono uchoke.

Hili lilithibitishwa zamani. Mwaka 1965 mtafiti wa magonjwa ya fizi Harald Löe na wenzake kule Aarhus, Denmark, walichukua watu 12 wenye fizi nzima wakawaambia waache kusafisha meno. Wote fizi zikavimba, wa mapema siku kama 10, wa mwisho kama wiki 3. Waliporudi kwenye mswaki fizi zikapona ndani ya wiki moja hivi. Baadaye mwaka 1970 Löe na Schiött wakaonyesha kwamba kusukutua mililita 10 za klorheksidini ya asilimia 0.2 mara mbili kwa siku kunazuia ukoga usijijenge hata kwa mtu ambaye hapigi mswaki. Ndiyo maana mpaka leo ukisoma lebo ya 0.2 unakuta 10 ml, mara mbili.

Lakini tulia hapo hapo uelewe kilichofanyika. Dawa ilizuia ukoga MPYA kwenye meno ambayo tayari ni masafi. Haikuyeyusha ugaga uliokaa mwaka mzima. Haipenyi kwenye ukoga mnene na haishuki kwenye yale mashimo marefu yanayojitengeneza kati ya jino na fizi ugonjwa ukishaingia ndani. Kwa hiyo mtu mwenye ugaga uliojaa nyuma ya meno ya chini akasukutua mwezi mzima bila kukwanguliwa, huyo anapaka rangi ukuta wenye uchafu, damu itapungua kidogo kisha itarudi.

Basi hatua ya kwanza kabisa, kabla ya chupa: safishwa meno. Muulize daktari wazi wazi, "nina ugaga? unautoa leo au lini?" Akisema fizi zina maumivu sana anza dawa kwa siku chache kisha urudi usafishwe, sawa, fuata hivyo. Akikuandikia dawa bila kuongelea kusafishwa, uliza wewe.

Hakikisha chupa ni yenyewe

Hapa nakaa kidogo maana nimeona mambo. Klorheksidini inatengenezwa kwa matumizi mengi na sio zote ni za mdomoni. Ile ya kuoshea mikono na ngozi kabla ya upasuaji ni kali, ya asilimia 4 na imechanganywa na sabuni. Savlon ina klorheksidini pamoja na kitu kingine, hiyo ni ya vidonda vya nje na usafi. Ile jeli ya kitovu cha mtoto mchanga nayo ni klorheksidini kali, ni ya kitovu tu. Hakuna hata moja kati ya hizo ya kuweka mdomoni, hata ukiichanganya na maji, na Dettol nayo vilevile usithubutu. Chupa yako lazima iwe imeandikwa ni ya kusukutua kinywa, asilimia 0.2 au 0.12, tarehe haijapita, imesajiliwa na mamlaka ya dawa (Tanzania ni TMDA, Kenya ni Pharmacy and Poisons Board), na utepe wa kifuniko haujakatwa.

Angalia pia kama ina alkoholi. Baadhi zinayo, Peridex ya Marekani kwa mfano ina asilimia 11.6. Kama mdomo wako mkavu, kama una vidonda, kama umeacha pombe, au kama hutaki alkoholi kwa sababu ya dini, sema mapema utafutiwe isiyo nayo, zipo na zinafanya kazi. Kama umepewa na vidonge vya antibayotiki vya metronidazo kwa pamoja mwambie mfamasia, maana vidonge vile na alkoholi tunashauri visikutane.

Na swali ambalo lazima ujiulize kabla ya tone la kwanza: umewahi kupata mzio ukipakwa dawa ya kusafishia ngozi hospitalini, au ukatumia dawa ya kusukutua mdomo ukavimba? Mzio wa klorheksidini ni nadra ila ukitokea unaweza kuwa mkali, mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari rasmi juu yake. Ukisukutua ukaanza kuwashwa mwili mzima, midomo au uso kuvimba, kifua kubana, kizunguzungu, tema, suuza na maji, nenda hospitali muda huohuo, usilale kwanza.

Namna ya kusukutua

Usipige tarumbeta, yaani kumimina kutoka chupani moja kwa moja mdomoni, usikadirie. Ya asilimia 0.2 ni 10 ml kwa dakika 1. Ya asilimia 0.12 ni 15 ml kwa sekunde 30. Ukipiga hesabu 10 ml za 0.2 zina miligramu 20 za dawa, 15 ml za 0.12 zina miligramu 18, kwa hiyo zinakaribiana, kilichobadilika ni maji tu, usione ya 0.12 ni hafifu ukaanza kumimina mara mbili. Daktari akikuandikia tofauti fuata ya kwake.

Chupa nyingine zina kifuniko chenye mstari wa kipimo, nyingine hazina. Kama hakina, nunua bomba la sindano la 10 ml bila sindano yake, ni bei ndogo, vuta mpaka mwisho, weka kwenye kikombe kidogo. Vijiko vya chai viwili vinakaribia 10 ml ila vijiko vya nyumbani havilingani, bomba ni la uhakika. Usiweke mdomo kwenye chupa, mate yanarudi ndani.

Afu sasa: weka dawa yote mdomoni, funga midomo, washa kihesabio cha simu. Usisukutue kooni ule mtindo wa kuinua kichwa juu, ugonjwa wako haupo kooni. Sukuma dawa kwa mashavu ipite katikati ya meno, mbele sekunde kadhaa, inamisha kichwa kulia sukuma, inamisha kushoto sukuma, rudi mbele upitishe ulimi nyuma ya meno ya chini maana pale ndipo ugaga unapenda kukaa. Dakika moja utaiona ndefu. Wengi wanaosema "nilisukutua dakika" ukiwapima ni sekunde 15. Weka saa.

Tema. Usimeze. Tone likiteleza halina shida, ila sio la kunywa. Na ukishatema usisuuze na maji. Najua inaacha uchungu na ulimi unaona mzito, vumilia, ndiyo dawa yenyewe hiyo inayokaa. Klorheksidini ina chaji chanya, inajishika kwenye meno, fizi na mashavu kisha inaachiliwa kidogo kidogo kwa masaa, inaweza kufika masaa 12, ndiyo sababu unaitumia mara mbili tu kwa siku na sio kila ukikumbuka. Ukisuuza na maji umeiondoa na uchungu umebaki vilevile. Nusu saa usile usinywe.

Dawa ya meno na chai, hapa ndipo wengi wanapoharibu

Dawa nyingi za meno zina ile sabuni ya kutoa povu, SLS. Povu lile lina chaji hasi, likikutana na klorheksidini vinashikana na nguvu ya dawa inapungua. Kwa maana hiyo ukipiga mswaki na kusukutua hapohapo, kama tunavyofanya wengi ili tumalize twende zetu, unaipunguzia dawa nguvu kabla haijafanya kazi. Piga mswaki, suuza mdomo vizuri na maji, subiri angalau nusu saa, ikiwezekana saa nzima au mawili, ndio usukutue.

Cha pili ni rangi. Chai, kahawa, mvinyo mwekundu vina tanini, na tanini inashikana na klorheksidini iliyokaa kwenye jino, linatokea doa la kahawia. Kuna mama alirudi dirishani na chupa imebaki nusu, akavuta mdomo nione: meno ya mbele ya chini yana mstari wa kahawia iliyoiva pale chini kwenye fizi na katikati ya jino na jino, na ulimi nao umebadilika rangi katikati. Akasema dawa ni feki. Nilipomuuliza siku yake ilivyo nikakuta anasukutua akiamka, afu anakaa moja kwa moja na chai ya rangi ya kwanza na chapati. Dawa haikuwa feki, ilikuwa inafanya kazi na chai ikaikuta bado mbichi kwenye meno. Doa lile sio jino kuoza na halili jino, daktari analisafisha kwa kung'arisha, ila kaa ukijua mswaki wa kawaida haulitoi lote. Tafadhali usilisugue na mkaa, majivu wala ndimu, hizo zinakwangua na kuunguza jino kweli kweli na hilo halirudi.

Ratiba ninayowaandikia watu nyuma ya karatasi ya dawa ni hii. Asubuhi kunywa chai yako kwanza, tuseme saa 12. Saa 12 na nusu piga mswaki, suuza vizuri. Saa 1 au saa 1 na robo, ukiwa unataka kutoka, sukutua, tema, ondoka. Ile chai ya saa 4 ofisini ina nafasi yake. Usiku kula mapema ukiweza, saa 2, mswaki saa 2 na nusu, dawa saa 3 na nusu, baada ya hapo maji tu mpaka kulala. Ile ya usiku ndiyo naipenda zaidi, mdomo umetulia masaa mengi, hakuna chai wala chakula cha kuisumbua.

Asiyeweza kupanga hivyo, mfano anaamka saa 10 alfajiri kuwahi daladala, ahamishe: mswaki asubuhi na usiku kama kawaida, dawa baada ya chakula cha mchana na jioni akirudi, kabla ya kula, mbali na mswaki. Hii inamfaa pia mtu mwenye meno yanayotoboka kirahisi, kwa sababu floridi ya dawa ya meno inataka ibaki mdomoni bila kusuuzwa, ukitenganisha muda vyote viwili vinapata nafasi. Mwezi wa Ramadhani weka baada ya futari ukishapiga mswaki na kusubiri, na nyingine baada ya daku kabla ya adhana, ila daku hiyo umalizie na maji sio chai.

Mswaki usiuache

Kosa ambalo linaniumiza kuliko yote ni mtu kuacha kupiga mswaki pale panapotoka damu. Anaona damu, anaogopa, anaruka sehemu ile, na wengine wakipewa dawa ya kusukutua wanaona sasa imetosha. Damu inatoka kwa sababu ukoga upo, ukiuacha inaongezeka. Piga mswaki pale pale, kwa upole.

Chukua mswaki laini. Ulaze kwa pembeni, nywele zielekee pale jino linapoingia kwenye fizi, kama nyuzi 45, tikisa taratibu kwa mwendo mfupi kisha fagia kuelekea kwenye jino. Meno mawili matatu kwa wakati, nje, ndani, juu. Dakika 2 nzima, mara mbili kwa siku, na dawa ya meno yenye floridi. Fizi ikiwa na kidonda kibichi kiasi kwamba haivumilii nywele kabisa, au umetoka kushonwa, hapo ndipo daktari anaweza kukwambia utegemee dawa kwa siku chache, na hiyo ni sababu moja halali ya dawa hii kuwepo.

Mswaki wa mti ni mzuri tu ukitafunwa mpaka ulainike na ukafika meno ya nyuma, sio mbele peke yake. Katikati ya meno mswaki hauingii, tumia uzi wa meno au vile viburashi vidogo mara moja kwa siku. Siku za kwanza uzi utatoka na damu, endelea. Vijiti vya kuchokolea meno vile vikali vya hotelini acha, vinachoma ile ncha ya fizi ambayo unaihangaikia ipone.

Unachoweza kukutana nacho ukiwa kwenye dozi

Ladha kubadilika ni kawaida, na inayopotea zaidi ni ladha ya chumvi. Hii ni muhimu kwa wenye presha: utaonja mchuzi uuone hauna kitu, utaongeza chumvi, wenzako mezani wanashindwa kula. Weka chumvi kwa kipimo ulichozoea au mwachie mwingine aonje. Ladha inarudi ukiacha dawa.

Kuwaka kidogo mdomoni kupo. Ikizidi, au ngozi ya ndani ya shavu ikaanza kubanduka vipande vyeupe, simama umwambie daktari au mfamasia, anaweza kukuruhusu uchanganye nusu dawa nusu maji. Mara chache tezi za mate chini ya masikio zinavimba, ukiona hivyo acha dawa, uvimbe unapungua wenyewe, lakini umjulishe daktari. Ugaga nao unaweza kujijenga haraka zaidi ukitumia muda mrefu, ndiyo sababu nyingine ya kutofanya hii dawa kuwa ya maisha.

Ikikumwagikia kwenye kanzu au shati jeupe usikimbilie Jik! Klorheksidini ikikutana na klorini inatoa doa la kahawia ambalo halitoki tena. Osha na maji mengi na sabuni ya kawaida tu.

Mjamzito: fizi kuvimba ujauzito ni jambo la mara kwa mara kwa sababu ya homoni, na kusafishwa meno ukiwa mjamzito inaruhusiwa, mwambie daktari una wiki ngapi ndiyo aamue kama dawa unaihitaji. Watoto chini ya miaka 12 wasipewe bila daktari kusema, na mtoto asiyejua kutema asipewe kabisa. Mwenye kisukari, tafadhali pima sukari, fizi na sukari vinasumbuana pande zote mbili, sukari ikiwa juu fizi haziponi vizuri. Na kama unatumia fenitoini ya kifafa, au nifedipini au amlodipini za presha, na unaona fizi zinanenepa kufunika meno, mwambie daktari aliyekuandikia, zinaweza kuwa ndizo chanzo. Usiziache mwenyewe, kifafa na presha havina mchezo.

Wanaouliza maji ya chumvi: sawa, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, yanatuliza, lakini usiyatumie kusuuza klorheksidini mara tu baada ya kutema. Aspirini kusagia na kuweka kwenye fizi, hapana, inaunguza nyama inakuwa nyeupe na kidonda kinaongezeka.

Lini uone nafuu, lini uache

Kama umesafishwa ugaga na unapiga mswaki vizuri, wiki ya kwanza damu inapungua, unaona povu linatoka jeupe siku nyingi kuliko zenye damu. Wiki ya pili ncha za fizi zinaanza kubana, zinapungua unene. Dozi ya kawaida ni wiki 2, wengine daktari anawapa mpaka wiki 4. Zikiisha siku alizosema, acha, hata kama chupa ina mabaki. Usijiongezee mwezi kwa sababu pumzi inanukia vizuri, harufu ya mdomo ina vyanzo vyake na hii dawa inaifunika tu.

Ukisahau dozi moja usimimine mbili ijayo, endelea na inayofuata kwa wakati wake.

Wiki 2 zikipita, umefuata masharti, na damu bado iko vilevile, usinunue chupa ya pili. Rudi kwa daktari apime kina cha fizi kwa kile kijiti chenye mistari. Fizi nzima kina chake ni milimita 1 mpaka 3. Ikiwa 4 na kuendelea huenda ugonjwa umeshuka kwenye mfupa unaoshika jino, na hapo panahitaji kusafishwa chini ya fizi kwa ganzi, kazi ambayo hakuna dawa ya kusukutua inayoiweza. Ukienda mueleze umetumia ya asilimia ngapi, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi, na kama unaweza beba chupa yenyewe aione. Kama meno yana madoa mwambie siku hiyohiyo ayang'arishe. Na mabaki ya dawa usimgawie jirani mwenye jino linalouma, jino likiuma kwa kutoboka hii haimsaidii, mwambie mwende wote kitengo cha meno.